Hewa Nyepesi, Uzi Mnene

Nyuzi zinazofungwa sana kwenye raketi za badminton huanzia unene wa milimita 0.61 na kufika 0.70. Kati ya ncha hizo mbili kuna tofauti ya milimita 0.09, upana wa unywele mmoja wa binadamu. Mnunuzi aliyesimama mbele ya kaunta ya duka la vifaa vya michezo mjini Eldoret hawezi kuiona tofauti hiyo kwa macho, na muuzaji naye mara nyingi haitaji. Atataja bei, rangi na jina la kampuni. Lakini humo ndani ya upana wa unywele ndimo linamoamuliwa jambo zima: raketi italia vipi, kinyoya kitaondoka kwa kasi gani, na nyuzi zitadumu miezi mingapi kabla ya kukatika.

Ushauri mwingi kuhusu nyuzi umeandikwa na watu wanaocheza Asia na Ulaya, katika miji mingi isiyo mbali sana na usawa wa bahari, yenye mafundi wa raketi karibu na kila ukumbi. Eldoret haiko hivyo. Jiji hili liko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na urefu huo unabadilisha hesabu.

Mwaka 1968 Kipchoge Keino, ambaye uwanja mkuu wa Eldoret umepewa jina lake, alishinda dhahabu ya mita 1,500 kwenye Olimpiki ya Mexico City, jiji lililo mita 2,240 juu ya bahari. Katika michezo hiyohiyo, Bob Beamon wa Marekani aliruka umbali wa mita 8.90 na kuwaacha waamuzi wakitafuta chombo cha kupimia. Hewa iliyowakaba pumzi wakimbiaji waliotoka nchi za chini ndiyo iliyompunguzia mrukaji upinzani. Watu wa Uasin Gishu, kaunti ya Eldoret, wanaijua vizuri sehemu ya kwanza ya kisa hicho, kwa sababu wanariadha wao wameishi na hewa hiyo tangu utotoni. Mcheza badminton anapaswa kuijua ile ya pili.

Kinyoya cha badminton, kwa mujibu wa sheria za Shirikisho la Badminton Duniani, kina manyoya 16 yaliyochomekwa kwenye kizibo, na uzito wake ni kati ya gramu 4.74 na 5.50. Ni chombo chepesi chenye umbo la kukamata hewa. Aprili 2023 nchini Japani, Mhindi Satwiksairaj Rankireddy alipiga smashi iliyopimwa kilomita 565 kwa saa, rekodi ya dunia kwa wanaume. Kasi hiyo ni ya pale kinyoya kinapoachana na nyuzi tu. Hewa hukishika papo hapo, na kinapofika upande wa pili sehemu kubwa ya kasi imekwisha. Kikidondoshwa tu kutoka juu, kinyoya hakifikii hata kilomita 30 kwa saa. Breki yake ni hewa, na hewa peke yake.

Sasa breki hiyo Eldoret imelegea. Ukilinganisha alasiri ya kawaida ya Eldoret na ya Mombasa, hewa ya Eldoret ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano. Mpigo uleule, wa mkono uleule na raketi ileile, hupeleka kinyoya mbali zaidi. Anayehama kutoka pwani hushangaa wiki ya kwanza kuona mipigo yake mirefu ikivuka mstari wa nyuma, akadhani mkono wake umeharibika. Wacheza tenisi walilitambua jambo hili zamani: shirikisho lao la kimataifa linaruhusu mipira maalumu kwa viwanja vilivyo zaidi ya mita 1,219 juu ya bahari, na wachezaji wa miji ya milimani huzoea kuzikaza nyuzi zaidi ili mpira usiwatoroke.

Basi swali la unene wa uzi, likiulizwa Eldoret, linaanza na jambo ambalo vitabu vya maelekezo haviligusi: mchezaji wa hapa tayari amepewa kasi bure na mahali alipo. Anachokosa ni udhibiti, pamoja na nyuzi zinazodumu.

Ili kuelewa kwa nini, yafaa kuutazama uzi wenyewe. Zamani nyuzi za raketi zilitengenezwa kwa utumbo wa wanyama. Utumbo una mnyumbuko mzuri, ila hauvumilii unyevu na bei yake ni kubwa. Nailoni, iliyobuniwa mwaka 1935 katika maabara ya DuPont huko Marekani, ndiyo iliyoufanya mchezo huu uwe wa watu wengi. Uzi wa leo si kipande kimoja cha nailoni kama kamba ya kuvulia samaki. Ndani yake kuna kiini cha nyuzinyuzi nyingi laini, juu yake limesukwa ganda, na juu kabisa kuna utando unaolinda. Jiji lenye kiwanda cha nguo cha Rivatex halihitaji kufundishwa kwa nini nyuzinyuzi nyingi zilizosokotwa pamoja hupinda bila kuvunjika. Kiini ndicho kinachotoa mnyumbuko, na ganda ndilo linalopokea msuguano. Ganda likiisha, uzi hauna siku nyingi.

Fundi anapofunga raketi kwa mkazo wa pauni 24, kila uzi unavutwa kwa nguvu ya karibu kilo 11. Mkazo ni huohuo kwa uzi mnene na kwa mwembamba, lakini mwembamba una nailoni kidogo ya kuubeba, kwa hiyo kila sehemu yake hunyooka zaidi. Kinyoya kikigonga, uzi mwembamba hubonyea upesi na kurudi upesi. Hukirusha kizibo kwa nguvu na kukishika vizuri pale mchezaji anapotaka kukikata au kukizungusha karibu na wavu. Ndiyo sababu wachezaji wenye mkono mwepesi huupenda. Sauti yake nayo ni tofauti. Uzi mwembamba uliokazwa sawa na mnene hulia kwa sauti ya juu zaidi, kali, inayosikika hadi mwisho wa ukumbi, na wako wanaoununua kwa ajili ya mlio huo tu. Mnene hulia kwa sauti nzito na mkononi huhisiwa mlegevu kidogo.

Hata uzito hubadilika. Raketi moja hutumia uzi wa takriban mita 10. Kwa hesabu ya nailoni, mita 10 za uzi wa 0.70 zinazidi zile za 0.61 kwa kama gramu moja. Gramu moja juu ya raketi ya gramu 80 na kitu ni jambo dogo, lakini iko kichwani mwa raketi, mahali ambapo mkono wenye mazoezi huitambua.

Majina ya sokoni yanaonyesha mpangilio huo waziwazi. Kampuni ya Yonex ilianzishwa na Minoru Yoneyama mwaka 1946 huko Niigata, Japani, ikitengeneza maboya ya mbao ya nyavu za wavuvi. Plastiki ilipoua soko la maboya, ikageukia raketi mwaka 1957. Leo uzi wake wa BG65 una unene wa milimita 0.70, na kwa miongo kadhaa umekuwa uzi wa kazi wa vilabu na shule duniani kote. BG80 ni 0.68. BG66 Ultimax ni 0.65. Exbolt 63 ni 0.63, na Aerosonic ni 0.61. Upo pia Aerobite, ambao umechanganya: nyuzi za wima ni 0.67 na za mlalo ni 0.61, ili zile zinazoumia zaidi ziwe nene na nyingine ziwe nyepesi. Kampuni nyingine, kama Li-Ning na Victor, nazo zina nyuzi za unene huo kwa majina yao.

Kuhusu uimara, nambari hizi hudanganya jicho. Mtu husoma 0.61 na 0.70 akaona kama ni karibu sawa. Lakini nguvu ya uzi haimo kwenye upana wake. Imo kwenye ukubwa wa uso wake unapokatwa, na uso huo hukua kwa mraba wa upana. Ukipiga hesabu, uzi wa 0.70 una nailoni zaidi ya ule wa 0.61 kwa karibu theluthi moja, na zaidi ya ule wa 0.65 kwa asilimia 16. Theluthi nzima ya mali imo ndani ya unywele.

Nyuzi hufa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya polepole. Kila mpigo husogeza nyuzi za wima juu ya zile za mlalo, zikasuguana pale zinapopishana. Baada ya wiki kadhaa, ukizisogeza kwa ukucha utaona vijipengo vidogo, kama vilivyochongwa kwa msumeno. Anayependa kukata kinyoya kwa pembeni huvichonga haraka zaidi. Uzi mwembamba una ganda jembamba, na kijipengo hakichukui muda kufikia kiini.

Njia ya pili ni ya ghafla, na ndiyo inayowaumiza wanaojifunza. Kinyoya kinapogonga karibu na fremu badala ya katikati, mshtuko wote huuangukia uzi mmoja au miwili mifupi isiyo na nafasi ya kunyumbuka. Uzi mpya kabisa unaweza kukatika siku ya kwanza kwa mpigo mmoja wa namna hiyo. Mchezaji hodari hukosea katikati ya raketi mara chache. Anayeanza hukosea kila mchezo. Hapo kuna dhuluma ndogo ya soko hili: uzi mwembamba, ambao hutangazwa kwa picha za mabingwa, hununuliwa na watu ambao mkono wao bado haujatulia, na hao ndio wanaoukata upesi kuliko wote.

Mabingwa wenyewe hawana hofu ya kukatikiwa. Kwenye mashindano makubwa mafundi wa kampuni huketi na mashine zao nyuma ya ukumbi, mchezaji huingia uwanjani na raketi kadhaa mkobani, na uzi ukikatika katikati ya pointi hukimbilia pembeni kubadilisha raketi. Wengi wao hufunga pauni 28 na kuendelea. Kwao uzi ni kitu cha kutumika usiku mmoja. Kumwiga bingwa uzi bila kuwa na fundi wake ni kujitafutia gharama.

Hali ya wachezaji wengi wa Kaskazini mwa Bonde la Ufa ni nyingine. Badminton imo katika ratiba ya michezo ya shule za sekondari nchini Kenya, na pia katika michezo ya shule za Afrika Mashariki inayosimamiwa na FEASSSA, ambayo Eldoret iliiandaa Agosti 2016. Kikosi cha shule huweza kuwa na raketi chache zinazopokezanwa na wanafunzi wengi, kila mmoja na mkono wake na makosa yake. Uzi ukikatika pale, hakuna raketi ya pili mkobani. Inabidi raketi ipelekwe kwa mwenye mashine, na kama hayuko karibu, isafiri kwa matatu ya vifurushi, ingoje zamu, irudi. Mwanafunzi amepoteza mazoezi ya siku kadhaa kwa sababu mtu alimchagulia uzi kwa kutazama rangi ya pakiti. Kwa mwalimu wa michezo mwenye bajeti finyu, kuchagua uzi mnene ni kuwapa watoto muda zaidi uwanjani, na muda ndio unaomfundisha mtu kupiga.

Mkazo nao una neno lake. Uzi uliolegea hubonyea zaidi na kumsaidia mwenye nguvu kidogo. Uliokazwa humpa udhibiti mwenye kasi ya mkono, lakini hupunguza eneo zuri la kupigia na kufupisha maisha ya nyuzi. Uzi mwembamba kwa pauni 28 ni mchanganyiko unaoishi muda mfupi kuliko yote. Kwa anayeanza, pauni 20 hadi 22 zinatosha. Kwa mchezaji wa klabu anayecheza mara mbili au tatu kwa wiki, 23 hadi 25. Anayeona uzi wa 0.70 ni mgumu kwa mkono wake anaweza kumwomba fundi apunguze pauni moja au mbili, na sehemu ya mrusho itarudi bila kupoteza uimara. Wengi hawajui kwamba hilo linawezekana.

Fundi mzuri atakuuliza unatumia vinyoya gani, na hilo si swali la bure. Watengenezaji hutoa vinyoya vya kasi tofauti. Baadhi huandika 75 hadi 79, nambari zilizotokana na uzito kwa kipimo cha zamani cha Kiingereza. Wengine, kama Yonex, huandika 1 hadi 5. Nambari ndogo ni ya kinyoya cha polepole, kilichokusudiwa nyanda za juu na mahali penye joto. Vile vya nailoni vinavyotumika sana shuleni hupambanuliwa kwa utepe kwenye kizibo: kijani ni cha polepole, buluu cha wastani, nyekundu cha kasi. Eldoret ni nchi ya kijani na ya 75. Sheria zenyewe zimeweka jaribio rahisi: simama kwenye mstari wa nyuma, piga kinyoya kutoka chini kwa nguvu zote kuelekea upande wa pili, na kiangukie kati ya milimita 530 na 990 kabla ya mstari wa nyuma wa huko. Kikipita hapo, kinyoya ni cha kasi mno kwa ukumbi huo. Wako wanaobadilisha nyuzi mara tatu wakidhani raketi ndiyo yenye kasoro, kumbe wanacheza na kinyoya chenye utepe mwekundu mita 2,100 angani.

Hali ya hewa ya hapa pia inataka uangalifu. Miezi mikavu, Desemba hadi Februari, manyoya hukauka na kuvunjika upesi. Ndiyo maana wachezaji wa sehemu kavu huvipitisha vinyoya juu ya mvuke kabla ya mchezo. Nailoni ya nyuzi nayo hulegea yenyewe kwa muda hata raketi ikining'inia ukutani, na hulegea haraka zaidi ikiachwa kwenye gari lililoegeshwa juani. Kanuni ya zamani ya wachezaji ni kwamba idadi ya siku unazocheza kwa wiki ndiyo idadi ya mara za kufunga nyuzi upya kwa mwaka. Kwa anayetumia uzi mnene kanuni hiyo ina mtego wake: uzi haujakatika, lakini umechoka, haurudishi tena, na mchezaji anaanza kutumia bega kufidia. Uzi usiokatika si uzi usiozeeka.

Jambo moja la fremu haliwezi kuachwa. Nyuzi za wima ni 22 katika raketi nyingi. Kila moja ikivutwa kwa pauni 24, jumla yake ni kama kilo 240 zinazokivuta kichwa cha raketi kuelekea mpini, na zile za mlalo hulisawazisha shinikizo hilo kwa kuvuta kutoka pembeni. Uzi mmoja ukikatika, usawa huo umevunjika na fremu huanza kupinda. Raketi ya kaboni yenye uzi uliokatika isiwekwe mkobani ikingoja safari ya mjini. Chukua mkasi wakati huohuo, anzia katikati, kata nyuzi zote ukielekea nje kwa zamu, wima na mlalo. Kisha tazama vishimo vya fremu. Ndani yake kuna vijibomba vidogo vya plastiki. Vikipasuka au kuzama, ukingo wa fremu hukata uzi mpya hata kama ni mnene kiasi gani. Bei ya kuvibadilisha ni ndogo kuliko ya uzi. Zile raketi za fremu ya chuma zinazouzwa kwa jozi madukani hazikutengenezwa kwa mkazo mkubwa. Kuzifunga kwa pauni 24 ni kuzivunja.

Kwa mchezaji wa Eldoret mwenye raketi moja au mbili, uamuzi ni huu: uzi wa milimita 0.68 hadi 0.70, mkazo wa pauni 22 hadi 24, na kinyoya cha 75 au chenye utepe wa kijani. Uzi wa chini ya 0.66 umfae yule ambaye mkono wake hugonga katikati mara nyingi, mwenye raketi ya akiba na fundi anayempata siku hiyohiyo. Huyo atafaidi mshiko wake karibu na wavu, na ana haki ya kuufurahia. Wengine wote wanalipia kasi ambayo hewa ya Uasin Gishu imekwisha kuwapa. Unene umeandikwa nyuma ya pakiti, kwa herufi ndogo, kwa milimita. Usome kabla ya kulipa, na kama fundi anakata uzi kutoka kwenye roli la mita 200 lisilo na maandishi, mwulize ni wa ngapi.